Msiuze Shamba Kunilipia Masta

Wasee, leo wacha niwapeleke ushago, kwetu Mayoni, nyuma ya nyumba ya kukhu, chini ya mwembe. Ni Jumamosi ya Desemba 2023. Watu tisa wamekaa kwa viti vya plastiki, chai ishazunguka mara mbili, na ajenda ya kikao ni mimi.

Senje ndiye aliongea kwanza. Ni mwalimu aliyestaafu, na kwetu akifungua mdomo watu huweka vikombe chini. Akasema hivi: "Huyu kijana anataka kazi ya serikali ya kulinda kompyuta. Serikali haiwezi kumpa mtu wa diploma funguo za siri zake. Hiyo ni kazi ya watu wa masta. Tuuze ile robo ekari ya kule chini, asome digrii, aunganishe na masta, tumalize hii kuhangaika."

Hakuna aliyebisha. Mama aliangalia chini tu. Sisi hapa ni watu wa miwa. Habari za kiwanda cha Mumias kuwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019 mnazijua, siwachoshi nazo. Ninachotaka muelewe ni kwamba kwetu shamba si kitu cha kuchezea. Ile robo ekari ndiyo inatoa mahindi ya nyumba nzima, na hapo ndipo Mama amepanda zile mboga anazouza stejini. Na sasa ilikuwa inataka kuuzwa kwa sababu yangu, kwa ndoto ambayo hata mimi sikuwa na hakika nayo.

Nikasimama nikasema, "Senje, nipeni mpaka Agosti. Agosti ikifika sijapata kitu, nitanyamaza mfanye mnavyotaka."

Akaniangalia juu ya miwani. "Agosti si mbali, baba."

Sasa nirudi nyuma kidogo ndio mjue nilikuwa nasimamia nini wakati naomba huo muda.

KCSE nilipata C. Si C+, C tupu. Na mnajua kwa hii nchi C+ ndiyo mlango wa kuingia chuo kikuu kusomea digrii. Nikaenda taasisi ya kiufundi, nikasoma diploma ya ICT, nikamaliza, nikarudi nyumbani kusaga lami. Lami ilipoisha nikapata kazi kwa saiba moja hapa sokoni. Kompyuta nne, printa moja inayokwama, na foleni ya watu wanaotaka kujaziwa fomu: KRA, HELB, cheti cha kuzaliwa, leseni ya kuendesha gari, payslipu za walimu.

Jioni nikifunga saiba nabaki na bando langu najifundisha. Kozi za mwanzo za usalama wa mtandao za Cisco Networking Academy ni za bure, hizo nilizimaliza zote. ISC2, lile shirika la Marekani, lilifungua mwaka wa 2022 mpango wa kuwapa watu milioni moja mafunzo na mtihani wa cheti cha kuanzia bila malipo. Huo mtihani nilisafiri nikaufanya, nikapita. Ukipita unaanza kulipa ada ya dola 50 kwa mwaka, hiyo msije mkasema sikuwaambia. Vile vyeti vingine vikubwa, mtihani mmoja ni mamia ya dola. Kwa mshahara wa saiba, hiyo ni hadithi.

Kwa hivyo nilikuwa na diploma, cheti kimoja, na kichwa kimejaa. Na bado kila tangazo la kazi ya serikali nikifungua naona digrii, digrii, digrii.

Hapa ndipo nataka kusema ukweli kidogo, kwa sababu mtandaoni kuna pande mbili zinadanganya. Kuna wale wanasema bila masta usijaribu. Na kuna wale wa "digrii ni karatasi tu, jifunze YouTube, utaitwa na serikali." Wote wanakuuzia kitu.

Ukweli ni huu. Ni kweli nafasi nyingi za kitaifa zinataka digrii. Ule mpango wa serikali wa vijana wa dijitali, unaoendeshwa na Mamlaka ya ICT, unalenga wahitimu wapya wa digrii. Yale mafunzo ya mwaka mmoja ya Tume ya Utumishi wa Umma nayo ni ya wahitimu. Hiyo huwezi kuizunguka. Lakini kaunti na taasisi ndogo za umma hutangaza kazi za ICT za ngazi ya chini ambazo diploma inatosha. KDF huchukua mafundi wenye vyeti na diploma za kazi. Polisi wanachukua vijana kuanzia D+, na wapelelezi wa DCI, wakiwemo wanaochunguza uhalifu wa mtandao, wengi walianza kama makonstebo wa kawaida. Hizo njia ni ndefu, hazina picha nzuri za kuweka Instagram, lakini ziko.

Shida yangu basi haikuwa kwamba hakuna mlango. Shida ilikuwa nikifika mlangoni niko na nini mkononi ambacho wale wengine mia mbili hawana. Na hicho kitu kilikuwa kwa meza yangu muda wote, sikuwa nakiona.

Mnakumbuka Julai 2023? Mwisho wa Juni Rais alikuwa amezindua huduma zaidi ya 5,000 kwa eCitizen. Hata mwezi haujaisha, eCitizen ikalala. Visa hazitoki, leseni hazitoki, tikiti za treni shida, M-Pesa nayo watu wanalia. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kikasema ni sisi. Waziri wa ICT wa wakati huo, Eliud Owalo, akathibitisha kuna shambulio, akasema hakuna data iliyopotea. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, Marekani ikawafungulia mashtaka ndugu wawili Wasudani kwa kazi za kile kikundi.

Kwa saiba yetu wiki hiyo ilikuwa ni siasa tupu. Watu wamekuja kufanya mambo yao, mtandao umekataa, basi wanabaki kunisikiliza. Nilikuwa profesa! Nikawaeleza kwamba hao hawajavunja mlango, wameujaza. Wanatuma maombi mengi ya uongo kwa mpigo mpaka mtambo unashindwa kuhudumia wa kweli. Ni kama watu elfu moja waje steji ya Mayoni, wakalie boda zote, na hakuna mahali wanaenda. Mgonjwa akija anataka kupelekwa hospitali, hapati boda. Hakuna pikipiki iliyoibwa, lakini mgonjwa anaweza kufa.

Watu wakatikisa kichwa, "huyu kijana anajua." Na wakati naongea mkono wangu umeegemea daftari la buluu.

Kama umewahi kufanya kazi saiba ya ushago, hilo daftari unalijua. Kurasa zimejaa majina. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, PIN ya KRA, na paswadi. Paswadi ya eCitizen, paswadi ya KRA, paswadi ya baruapepe ambayo mwenyewe hata hajui anayo, kwa sababu ni saiba iliyomfungulia. Halikuanzishwa kwa ubaya. Watu wanasahau. Mzee anakuja mara moja kwa mwaka kujaza ritani, hakumbuki kitu, na anakuambia mwenyewe, "Si niliwaachia hapo? Angalia kwa kitabu."

Majina 340. Nilihesabu. Walimu, manesi, askari, wazee wa mtaa, watu wa chama. Hao Wasudani walihitaji mitambo mingi kusumbua eCitizen. Mtu wa hapa angehitaji kuweka daftari moja chini ya shati akiondoka.

Na mimi nalijua hilo daftari vibaya kuliko nilivyotaka kukubali. Sasa hii sehemu ni ngumu kuandika, lakini bila hii hadithi haina maana.

Mapema mwaka huo wa 2023, kabla ya hayo mambo ya eCitizen, nilikuwa saiba jioni na rafiki yangu. Kukapita mtu mmoja wa hapa, mfanyabiashara, anapenda kujionyesha. Rafiki yangu akasema, "Huyu jamaa hata kodi hulipa kweli?" Mimi nikacheka, nikafungua daftari, nikaingia akaunti yake ya KRA, nikageuza skrini. Tukaangalia. Tukacheka. Dakika mbili, nikafunga.

Sikubadilisha kitu. Sikuiba kitu. Hivyo ndivyo nilijiambia. Wiki iliyofuata yule jamaa akaja kuchapisha karatasi, akanipa shilingi mia juu akasema, "Ya soda. Nyinyi vijana mnatusaidia." Hiyo mia nilikaa nayo kwa mfuko siku tatu, manze, haikununua soda.

Wacha niwaambie ile ilikuwa nini kisheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 14: kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na ukigusa mifumo ile iliyolindwa rasmi, inafika milioni 25 au miaka 20. Hakuna mahali sheria inasema "isipokuwa alikuwa anacheka na rafiki yake."

Kuna kijana tuliyesoma pamoja shule ya msingi, kichwa kuliko mimi, hiyo naapa. Yeye aliingia kwa mfumo wa chuo alichosoma, mbali na hapa, afute deni la karo yake. Walimshika. Kesi ikamla mwaka na zaidi. Leo anajua mambo ya mitandao kuniliko mara tatu, na hana mahali pa kupeleka. Kwa sababu kazi ya serikali, haijalishi una masta ngapi, itakuomba cheti cha mwenendo mwema. Unalipa shilingi 1,050 kwa eCitizen, unachukuliwa alama za vidole, na DCI wanaangalia jina lako. Mlango wake ulifungwa hapo, na haukuwa na uhusiano wowote na digrii.

Mimi na yeye tofauti yetu ilikuwa kushikwa tu. Hilo lilinikosesha usingizi.

Kwa hivyo Januari 2024, baada ya kile kikao cha chini ya mwembe, nilimwendea mwenye saiba. Nikamwambia nataka tuachane na daftari. Akacheka kwanza. Halafu akaona sichezi, akaniambia kitu ambacho sikukipata kwa kozi yoyote: "Hawa watu wakikuwa na paswadi zao, wataenda saiba ingine. Hili daftari ndilo linawarudisha."

Mnaona? Nilidhani lile daftari ni uzembe, kumbe ni biashara. Unaweza kumfundisha mtu usalama wa mtandao mpaka koo ikauke, kama paswadi zinamletea ugali hatakusikia. Nilibidi nije na hesabu yake, si yangu. Nikamuuliza, likiibwa hili, nani atatafutwa kwanza? Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019. Ukishika habari za watu, una wajibu wa kuzilinda. Mteja akiamka akute mtu amechukua mkopo kwa payslipu yake, atakuja kwako na polisi. Akanyamaza. Akasema, "Sawa, lakini mteja akipotea ni wewe nitakudai."

Tulifanya hivi. Kila mtu aliye kwa daftari akija, kabla ya kazi yake namchukua dakika kumi. Naunganisha akaunti na nambari yake mwenyewe ya simu. Anaandika paswadi mpya mwenyewe, mimi nageukia ukutani. Wengine walikuwa wananicheka, "Sasa unaficha macho kwani niko uchi?" Nawaambia ndiyo, karibu hivyo. Akitaka kuiandika, anaandika kwa karatasi yake, aweke kwa sanduku lake nyumbani. Kisha nachukua kalamu nyeusi nafuta laini yake mbele yake, aone.

Haikwenda sawa kote. Kuna kukhu mmoja hana simu, nambari iliyo kwa akaunti ni ya mjukuu aliyehamia Nairobi na alishabadilisha laini. Tulirudi naye mara nne. Kuna mwalimu alikasirika, akasema tunamsumbua, akaenda saiba ingine, na huko wakamwandika kwa daftari lao. Na mwenye saiba alinikumbusha huyo mwalimu kila mwisho wa mwezi.

Yule mfanyabiashara nilimwambia mwenyewe. Nilitaka nimwache abadilishe paswadi kama wengine, nimalize kimya. Nikashindwa. Nikamweleza nilichofanya. Aliniangalia muda mrefu, akabadilisha paswadi, akalipa, akaondoka. Mpaka leo hajarudi kwa ile saiba. Tukipatana njiani anasalimia, lakini ni salamu fupi.

Kufikia mwezi wa Mei tulikuwa tumefuta majina 263. Nikaandika karatasi mbili kwa Kiswahili cha kawaida: shida ilikuwa nini, nani angeumia, tulifanya nini, nini kilifaulu, nini kimebaki. Bila jina la mtu hata mmoja. Hizo karatasi nikaanza kuziambatanisha na maombi yangu ya kazi.

Ombi la kwanza na la pili sikujibiwa. La tatu niliitwa, nikafika, nikaambiwa mlangoni kwamba wameamua kuchukua wenye digrii. Nauli ikaenda hivyo. Mama alinipikia kuku siku hiyo akidhani tutasherehekea. Tulimla tu.

La nne lilikuwa ofisi moja ya umma, kazi ya mkataba, msaidizi wa ICT, diploma inakubalika. Kwa chumba walikuwa watatu. Wa kwanza akaniuliza mambo ya mitandao, ruta, nakala za akiba. Nikajibu. Wa pili akaniuliza kama nina mpango wa kusoma zaidi. Nikajibu. Halafu mama aliyekuwa katikati, mtu mzima, alikuwa amesoma zile karatasi zangu mbili, akazishika akaniuliza polepole: "Kijana, wewe binafsi umewahi kuingia kwa mfumo ambao hukuruhusiwa?"

Wasee, hapo niliona robo ekari mbele yangu. Nikiseme hapana, ni nani atajua? Mfanyabiashara hayuko hapa. Nikisema ndiyo, labda naenda nyumbani kumwambia senje aite mnunuzi.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Mara moja." Nikaeleza yote, hata ile shilingi mia. Sauti yangu ilikuwa inakwaruza.

Akaandika kitu. Akauliza, "Na mwenyewe anajua?" Nikasema nilimwambia. "Akasema nini?" Nikasema hakusema kitu, aliacha kuja. Akaweka kalamu chini, akasema asante, unaweza kwenda.

Nilitoka nikijua nimejimaliza. Juni ikaisha, Julai ikaisha. Senje alishaanza kuuliza Mama kama hati ya shamba iko karibu. Wiki ya pili ya Agosti simu ikalia niko saiba natoa karatasi iliyokwama kwa printa.

Sitaki mnidhanie. Sikai kwa chumba chenye skrini kumi kama kwa sinema. Mkataba wa mwaka mmoja, mshahara wa kawaida. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupitia orodha ya akaunti na kufunga za watu walioondoka. Ya pili, kuhakikisha programu zimesasishwa. Ya tatu, kumwambia mkubwa wangu kwa heshima kwamba paswadi haiwekwi kwa karatasi iliyobandikwa kwa skrini. Ni daftari la buluu tu, limevaa tai.

Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ile timu ya kitaifa ya kushughulikia mashambulio ya mtandao, KE-CIRT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ilitangaza kwamba miezi mitatu ya kwanza ya 2025 ilinasa vitisho zaidi ya bilioni 2.5. Na sababu zilizotajwa ni zipi? Mifumo isiyosasishwa vizuri. Watumiaji wasiojua wanavyotegwa. Hayo mambo hayamngoji mtu wa masta. Yanamngoja mtu atakayekaa na kukhu mara nne bila kumkemea.

Na si sisi tu tumeanza kuliona hili. Machi 2022 jimbo la Maryland kule Marekani liliondoa sharti la digrii kwa maelfu ya kazi zake za umma, zikiwemo za ICT. Mwaka wa 2024 ofisi ya usalama wa mtandao ya Ikulu yao ikatangaza kwamba kazi za ICT za serikali kuu zitaanza kujazwa kwa kuangalia ujuzi. Sisemi tuige kila kitu. Nauliza tu, nchi inayolia haina watu wa kutosha wa kulinda mitambo yake, kwa nini inamrudisha mlangoni mtu kabla ya kumpa kompyuta imwone?

Upande wa pili nao niuseme. Diploma ina dari. Kuna madaraja ambayo bila digrii sitapanda, hata nikae hapo mpaka mvi. Kwa hivyo nimejiandikisha kusoma digrii jioni, polepole, nalipa kwa mshahara wangu. Masta ikija, itakuja. Tofauti ni kwamba nasoma nikiwa ndani, na shamba liko.

Kwa hivyo wewe uliye na C yako na diploma yako, na nyumbani wameanza kuhesabu ng'ombe: waambie wangoje kwanza. Soma tangazo lote, mpaka pale chini. Tafuta za kaunti, tafuta za ngazi ya chini. Fanya zile kozi za bure. Mamlaka ya Mawasiliano huandaa mafunzo na mashindano ya usalama wa mtandao kwa vijana, jiandikishe. Ukiwa dada, kuna SheHacks, ni wasichana Wakenya wamekuwa wakifundishana hii kazi tangu 2016. Halafu angalia karibu na wewe kuna daftari gani. Shuleni, kanisani, kwa chama, kwa duka la M-Pesa. Lirekebishe kwa ruhusa ya mwenyewe, uandike ulichofanya. Na usiguse kisicho chako, hata kwa mzaha, hata dakika mbili.

Krismasi hiyo ya 2024 tulikaa tena chini ya mwembe. Senje alikuja na simu yake mpya, akaniita kando, watu wasisikie. "Baba, hii eCitizen yangu, yule kijana wa saiba ya kwetu ameiandika paswadi kwa kitabu chake. Hiyo ni sawa kweli?"

Nikamwambia lete hiyo simu, senje. Akaandika paswadi mpya mwenyewe, kidole kimoja kimoja, na mimi nikageuka nikaangalia mahindi.